Je, draivu za CD za kompyuta zinatofautiana ubora wa sauti ya dijitali?

#1 Mwanagenzi
Wakuu salaam. Naomba kueleweshwa. Kompyuta yangu ya zamani ina draivu mbili za CD, moja juu ya nyingine, za watengenezaji tofauti. Nacheza diski ileile, kadi ya sauti ileile, hedifoni zilezile. Ya juu sauti yake imetulia, besi imejaa, matoazi hayachomi masikio. Ya chini ni kali, kama mtu kaipandisha trebo kidogo bila kuniambia. Rafiki yangu anayejua mambo haya ananicheka, anasema zote zinatoa sauti kwa njia ya dijitali na namba ni namba. Swali langu: draivu mbili zinaweza kutofautiana ubora wa sauti ya dijitali, au masikio yananichezea?

#2 KitiChaMbele
Nimeshakaa. Ngoja waje.

#3 BitiNiBiti
Rafiki yako yuko sahihi, msikilize. CD ya muziki ina sampuli 44,100 kwa sekunde, biti 16 kila sampuli, chaneli mbili. Draivu ikisoma sawasawa inatoa namba hizohizo. Ikishindwa, utasikia "tk", au mkwamo, au kimya. Hakuna kosa la kusoma linalojaza besi. Barua haibadiliki maneno kwa sababu imeletwa na baiskeli badala ya gari. Uzi ungeweza kufungwa hapa.

#4 SikioLaTatu
Ufungwe kwa amri ya nani? Lisemwalo lipo. CD ilipoingia sokoni 1982 tuliambiwa ubora umefika mwisho wake, hakuna tena la kuongeza. Baadaye ndipo watu wakaanza kuzungumzia jita, yaani mtetemo wa wakati. Namba zinaweza kuwa sahihi zote na bado zikafika kwenye DAC (kigeuzi cha namba kuwa mawimbi ya sauti) kwa mpigo usio sawa, moja imewahi, nyingine imechelewa. Sauti ni namba pamoja na wakati. Huyu BitiNiBiti kila uzi anahesabu namba tu, wakati hauoni.

#5 BitiNiBiti
Na wewe kila uzi unasikia wakati ambao hakuna chombo kimeuona. Lisemwalo lipimwe.

#6 FundiLeza
Kabla hamjachapana, Mwanagenzi fungua kasha utuambie nyuma ya kila draivu kuna nini. Draivu za zamani za IDE (zile za mkanda mpana wa data) zina njia tatu za kutolea sauti ya CD, na hapa naona zinachanganywa.

Itazame kwa nyuma. Mbali na tundu la umeme na lile pana la data, kwa kawaida kuna pini nne zimejipanga na pembeni yake pini mbili peke yake. Zile nne ni analogi: kushoto, athi (waya wa ardhi), athi, kulia. Hapo draivu imeshageuza namba kuwa mawimbi kwa DAC yake ya ndani, na DAC hizo zinatofautiana mno, nyingine zina mvumo unaousikia hata diski ikiwa kimya. Tundu la hedifoni la mbele, lile lenye kigurudumu cha sauti, linatoka hukohuko. Zile pini mbili ni S/PDIF, dijitali kweli: draivu inaizungusha diski kwa mwendo wa kawaida na kutoa namba kwa saa yake yenyewe. Njia ya tatu ni ule mkanda mpana wa data, ambapo kompyuta inasoma muziki karibu kama inavyosoma faili. Kila njia ina ugonjwa wake. Sema yako ni ipi.

#7 BitiNiBiti
Amesema dijitali. Kasome #1.

#8 FundiLeza
Nimesoma. Mbili kati ya tatu ni dijitali.

#9 Mwanagenzi
Nimefungua. Draivu ya juu ina waya mwembamba kwenye zile pini mbili, unakwenda kwenye kadi ya sauti. Ya chini haina waya wowote zaidi ya umeme na ule mkanda. Sasa hapo ndipo nimezidi kuchanganyikiwa, maana inacheza vizuri tu!

#10 Mpitanjia77
😂😂 Hedifoni zilezile, kadi ileile, diski ileile, waya tu ndio haupo.

#11 MamaKache
Msimcheke, wengi hawajawahi kuchungulia huko nyuma. Mwanagenzi, inacheza bila waya kwa sababu programu inachukua namba kupitia mkanda wa data na kuikabidhi kadi. Windows XP ina kisanduku chake kabisa kwenye sifa za draivu, cha kuruhusu sauti ya CD ya dijitali. Kikiwa na tiki, waya hauhitajiki.

Kwa hiyo wewe hulinganishi draivu mbili, unalinganisha barabara mbili. Namba za draivu ya chini zinapita kwenye kichanganyishi cha mfumo endeshi, na kadi nyingi za enzi za AC'97 (kiwango cha zamani cha sauti za kompyuta) kwa ndani zinakwenda kwa 48,000 wala si 44,100. Maana yake sampuli zote zinapigiwa hesabu upya: kila 147 zinazoingia lazima zitoke 160. Hesabu hiyo ikifanywa kwa uangalifu husikii kitu. Ikifanywa kwa mkato, masafa ya juu yanapata uchafu ambao haukuwa kwenye diski. Huo "ukali" unaousema unaweza kuwa huo.

#12 SikioLaTatu
Asante sana MamaKache. Kumbe dijitali kwa dijitali inaweza kutofautiana. BitiNiBiti upo?

#13 BitiNiBiti
Nipo. Alichosema ni kwamba kompyuta ilibadilisha namba baada ya draivu kuzitoa. Swali la uzi ni draivu. Draivu haina kesi hapo.

#14 Mkwaruzo
Mimi nina mfano wa draivu zenyewe. Nina diski iliyochubuka vibaya, alama ndefu kama ukucha umepita. Draivu ya kompyuta ya mezani inaisoma kwa "tk tk tk" mwanzo hadi mwisho wa wimbo wa tatu. Ya kompyuta mpakato inaucheza wimbo huohuo bila mlio hata mmoja. Njia ni moja, mkanda wa data zote mbili. Sasa hapo namba ni zilezile?

#15 FundiLeza
Hapo sasa tumefika kwenye nyama ya uzi. Mkwaruzo, sio zilezile, na usikimbilie kuisifia ile iliyonyamaza.

Muziki kwenye CD umelindwa na tabaka mbili za kurekebisha makosa, C1 na C2. Kila baiti 24 za muziki zinaongezewa 8 za ulinzi, halafu baiti hizo zinatawanywa mbalimbali kwenye mzingo, ili mkwaruzo mmoja usimeze zote za jirani. Mpangilio huo unaweza kurudisha kikamilifu pengo la biti kama 4,000 zinazofuatana, yaani karibu milimita 2.5 za njia ya leza. Ukiwa ndani ya kipimo hicho, unachopata ni namba asilia, biti kwa biti.

Ukizidi hapo, draivu inajua kwamba sampuli fulani ni mbovu ila haijui ilikuwa ngapi. Ndipo inapokisia: inachukua ya kabla na ya baadaye, inapiga mstari katikati. Draivu yenye ukarimu wa kukisia inakupa sauti laini isiyo na mlio, lakini ni sauti ya kubuni. Ile ya "tk tk" pengine imekuletea ukweli mchafu. Na kabla hata ya kufika huko, lenzi, uwezo wa leza kufuata njia iliyopinda na uamuzi wa fimweya (programu ya ndani ya draivu) wa kupunguza mwendo vyote vinaamua makosa mangapi yatafika C2. Hapa draivu zinatofautiana kama usiku na mchana, na ni dijitali tupu.

#16 BitiNiBiti
Nakubaliana na kila neno la #15. Ila ni diski mbovu. Kwenye diski nzima tofauti ni sifuri.

#17 Mkwaruzo
Diski nzima iko wapi mkuu? Hata mpya ina makosa.

#18 FundiLeza
Kweli. Viwango vyenyewe vinaruhusu hadi vifungu 220 vyenye kosa la C1 kwa sekunde, kati ya 7,350 vinavyosomwa. Hiyo ni diski inayohesabika nzima. Yanasahihishwa yote, hakuna anayeyasikia.

#19 Mpitanjia77
Swali la kijinga. Kama CD ya data ikipoteza biti moja programu inagoma kusakinishwa, mbona muziki wanauacha ukisiwe?

#20 MamaKache
Si la kijinga. Sekta ya muziki ina baiti 2,352 na zote ni muziki. Sekta ya data ina ukubwa huohuo lakini 2,048 tu ndizo zako. Zilizobaki ni alama za mahali na ulinzi wa ziada, 276 kati yake zikiwa za kurekebisha makosa peke yake, tabaka la tatu ambalo muziki hauna. Ndiyo maana diski ya dakika 74 inabeba MB 650 za data lakini muziki wake ni karibu MB 783.

#21 DalaliWaSampuli
Marekebisho kidogo, mama. Hizo MB umezipima kwa mizani mbili. Dakika 74 ni sekta 333,000. Data ni baiti milioni 682, muziki milioni 783. Hiyo 650 yako inatoka ukigawa milioni 682 kwa 1,048,576. Ukiigawa 783 vivyo hivyo unapata kama 747.

#22 MamaKache
Sawa mhasibu.

#23 DalaliWaSampuli
Kwa kuwa nimeshaingia, nitoe jaribio. Niliripu (yaani nilinakili kutoka CD kuwa faili) wimbo mmoja kwa draivu mbili, diski safi kabisa, nikapiga namba za uhakiki za faili zote mbili. Hazikulingana! Kama ningekuwa wa imani ya SikioLaTatu ningeishia hapo na kushangilia.

Nikazifungua faili kwenye programu ya kuhariri sauti, nikazivuta karibu hadi sampuli moja moja zikaonekana kama vidoti. Mawimbi yalikuwa yaleyale, ila moja limesogea kulia kidogo. Nikalirudisha kushoto mpaka vidoti vikapandana, nikaligeuza moja juu chini, nikazijumlisha. Mstari ulionyooka, sifuri mwanzo mwisho, isipokuwa vipande vidogo vya pembeni ambako moja ilianza kabla ya nyingine. Tofauti yote ilikuwa ya mahali pa kuanzia.

#24 BitiNiBiti
Naomba #23 ibandikwe juu ya jukwaa.

#25 Mwanagenzi
Lakini kwa nini isogee? Si zote zimeambiwa zianzie mwanzo wa wimbo?

#26 DalaliWaSampuli
Kwa sababu CD ya muziki haikutengenezwa isomwe kama faili. Sekta ya data ina anwani kichwani mwake. Sekta ya muziki haina. Anwani yake iko kwenye mkondo wa pembeni, subkodi ya Q, ambao unasema dakika, sekunde na sehemu ya 75 ya sekunde, basi. Ndani ya sehemu hiyo moja mna sampuli 588. Kila mtengenezaji anaoanisha mkondo huo na muziki anavyojua mwenyewe, kwa hiyo kila modeli ina ofseti yake ya kudumu: nyingine sampuli 6, nyingine 30, nyingine 667. Hata hiyo 667 ni kama milisekunde 15 tu. Exact Audio Copy (EAC), programu ya kuripu, inakuwezesha kuiingiza ofseti ya draivu yako ili faili ilingane na za wengine, na AccurateRip inalinganisha matokeo yako na ya watu walioripu diski hiyohiyo kwa draivu nyingine. Draivu za kila aina zinakubaliana hapo, hadi biti ya mwisho.

#27 Zeze
Na hata hiyo ofseti "sahihi" ina ugomvi. Kuna waliopima wakasema marejeo yanayotumiwa na wote yako mbali na ukweli kwa sampuli 30. Kila mtu akabaki nayo kwa sababu kila mtu anayo.

#28 FundiLeza
Draivu za kwanza kwanza zilikuwa na shida mbaya zaidi ya ofseti ya kudumu. Ukiziomba kipande kingine zinarudi mahali tofauti na zilipoachia, kidogo mbele au kidogo nyuma. Vipande vikipishana unasikia wimbo umekatwa au umejirudia nukta moja. Ndiyo sababu programu ya kuripu ya cdparanoia ilisoma vipande vinavyolaliana na kutafuta mshono. Nyingine zilikuwa na kache (kumbukumbu ya muda): ukiomba zisome upya zinakupa jibu la kwanza bila kurudi kwenye diski, halafu unadhani umehakikisha.

#29 SikioLaTatu
Mmeandika sana kuhusu kuripu. Mwanagenzi haripu, anasikiliza. Draivu yake ya juu inatoa S/PDIF papo kwa papo na hakuna cha kurudia kusoma.

Kwenye S/PDIF hakuna waya wa saa. Saa imefumwa ndani ya data yenyewe, na anayepokea inabidi aichomoe humo kwa kufuata kingo za mawimbi. Kingo zikiwa butu, waya ukiwa mbaya, umeme ukiwa mchafu, saa inayochomolewa inatetemeka. Na kama DAC inategemea saa hiyo, mtetemo unaingia kwenye sauti. Huo si uchawi, ni uhandisi wa kawaida. Draivu mbili zenye umeme tofauti zinaweza kutoa mtetemo tofauti hata kama namba ni pacha.

#30 FundiLeza
Hapo umeongea vizuri na sina ugomvi na kanuni. Ninachotaka ni kuiondoa imani kwamba mota ikiyumba na sauti inayumba. Ukiifungua draivu ya zamani utaona kikopo kidogo cha bati, ndiyo kristali ya saa, kimeandikwa 33.8688 au 16.9344. Ni megahezi. Gawa kwa 44,100 unapata 768 au 384 kamili, hakuna mabaki. Namba kutoka kwenye leza zinaingia kwanza kwenye kumbukumbu ndogo, na kristali hiyo ndiyo inayozitoa kwa mpigo. Diski inaanza ndani kwa kama mizunguko 500 kwa dakika na kuishia nje kwa kama 200. Mota ikiwahi au ikichelewa, kinachopanda na kushuka ni akiba ya kumbukumbu, mpigo unabaki wa kristali.

Kristali zenyewe hazilingani. Ya kawaida inaweza kukosea sehemu 100 kwa milioni. Kwenye diski ya dakika 74 hiyo ni karibu nusu sekunde, kwa hiyo draivu moja inaweza kumaliza diski mapema kuliko nyingine. Kwa sauti ya noti ni chini ya moja ya tano ya senti, na senti 100 ndizo nusu toni. Hakuna sikio la tatu wala la nne litakaloligundua hilo.

#31 SikioLaTatu
Usiniingilie jina 😄

#32 UmemeMdogo
Nyote mmesahau umeme. Zile pini mbili mara nyingi hutoa mawimbi ya kiwango cha volti 5 za ndani ya kompyuta, wakati S/PDIF ya waya wa nje imepangwa kwa nusu volti na ohmu 75. Watu wanauchukua waya ule wakaunganisha moja kwa moja na amplifaya, mawimbi yanagonga ukuta na kurudi. Juu ya hapo, athi ya draivu ni athi ya mota ya draivu. Mota ikivuta umeme, mvumo unasafiri kwa athi hadi upande wa analogi wa kadi ya sauti. Namba safi, kelele imeingia kwa mlango wa nyuma. Mimi kwangu hapo ndipo tofauti iliko.

#33 MamaKache
UmemeMdogo, hilo linaleta mvumo na vijimlio. Mwanagenzi analalamikia trebo.

Na SikioLaTatu, kadi ikiwa inakwenda kwa saa yake ya 48,000, hata S/PDIF ya draivu ya juu inageuzwa ikifika. Jita ya draivu hapo inaishia kwenye hesabu za kugeuza. Kwa hiyo barabara nilizosema #11 huenda zinakutana mbele.

#34 SikioLaTatu
Basi nadharia yako ya #11 imekufa kwa mkono wako.

#35 MamaKache
Haijafa. Vigeuzi viwili tofauti, kimoja cha programu, kingine cha chipu. Nimesema huenda.

#36 Mwanagenzi
Nimerudi. Nilihamisha waya mwembamba, nikauweka draivu ya chini na kuiacha ya juu bila waya. Matokeo: ya chini sasa imetulia, ya juu imekuwa kali. Kwa hiyo kweli ni njia. LAKINI, ukali wa draivu ya juu haufikii ule wa draivu ya chini kabla ya kubadilisha, au ndivyo ninavyosikia. Na nimegundua jingine: kwenye diski moja tofauti ni kubwa, hata mwenye mafua angeisikia. Kwenye nyingine ni kidogo sana. Hiyo moja ni ya zamani, imeandikwa 1983.

#37 Zeze
1983! Emfasisi hiyo, nipo tayari kula kiapo.

Diski kadhaa za miaka ile ya mwanzo zilirekodiwa na masafa ya juu yamepandishwa makusudi, kuanzia kama kilohezi 3 na kuendelea, hadi karibu desibeli 10 huko juu kabisa. Kichezeo kinatakiwa kiyashushe kwa kiasi hichohicho, na kelele za kugeuza zinashuka nayo. Alama ya kukiambia kichezeo "shusha" iko kwenye diski, si kwenye muziki. Ukicheza kwa pini nne au tundu la mbele, DAC ya draivu inaiona alama na kutii. Ukisoma kwa mkanda wa data, unapata namba zilizopandishwa, na programu nyingi haziitazami alama. Trebo inabaki juu. Namba ziko sahihi kabisa, biti kwa biti, na sauti ni mbaya.

#38 BitiNiBiti
Hii nimeipenda. Biti ziko sawa na bado kuna tofauti, bila jita. Safi Zeze.

#39 Zeze
Sijaja kukusaidia wewe.

#40 DalaliWaSampuli
Exact Audio Copy ina safu inayoonyesha emfasisi kwa kila wimbo, Mwanagenzi atazame. Ila si ushahidi kamili. Inaisoma alama kwenye orodha ya yaliyomo mwanzoni mwa diski, na kuna diski ambazo orodha haisemi kitu, alama iko kwenye subkodi ya wimbo tu. Ikisema hapana, bado inaweza kuwa ndiyo.

#41 MamaKache
Na mnaruka hatua. Draivu ya waya inatumia S/PDIF, si DAC yake. S/PDIF ina biti yake ya kupeleka taarifa ya emfasisi, sawa, lakini kadi inayopokea inabidi iitii, na kadi za kompyuta zenye kutii si za kutegemea. Kama kadi ya Mwanagenzi haitii, njia zote mbili zingekuwa kali kwa diski ya 1983. Halafu "tofauti ndogo" kwenye diski nyingine mnaielezaje? Zote haziwezi kuwa za emfasisi.

#42 UmemeMdogo
Athi.

#43 SikioLaTatu
Jita.

#44 BitiNiBiti
Kiwango cha sauti. Njia moja ikiwa juu ya nyingine hata kwa nusu desibeli, hutasema "hii ina sauti kubwa", utasema "hii imejaa". Kitelezi cha CD na kitelezi cha faili za sauti ni viwili tofauti kwenye kichanganyishi, nani amehakikisha viko sawa? Mwanagenzi cheza mlio wa kilohezi 1 kutoka kwenye CD kwa kila njia, rekodi, linganisha urefu wa mawimbi. Halafu mwambie mtu mwingine abadilishe njia bila wewe kuona, uandike unachosikia.

#45 SikioLaTatu
Mkuu mbona jaribio la kufumba macho unalidai kwa wengine tu? Lifanye wewe kwa DAC zako tatu zile.

#46 BitiNiBiti
Tatu zina kazi tofauti.

#47 Mpitanjia77
😂😂😂

#48 Mwanagenzi
EAC inasema emfasisi: ndiyo, nyimbo zote za ile ya 1983. Vitelezi havikuwa sawa, cha CD kilikuwa juu kidogo. Nimevisawazisha. Ya waya bado ni laini zaidi. Kwenye diski mpya sasa sina uhakika tena, nikifumba macho napotea. Ila kwenye ya zamani sipotei.

#49 Zeze
Kwa hiyo kadi yake inatii. MamaKache?

#50 MamaKache
Au kigeuzi cha kadi kinakata masafa ya juu kwa njia ile na ukweli wa emfasisi haujaguswa. Aripu wimbo ule, aushushe kwa programu kwa mkunjo wa emfasisi, wa mikrosekunde 50 na 15, aucheze kando ya ule wa waya. Vikifanana ndipo nitaamini.

#51 Mkwaruzo
Nitoke nje ya mada. Draivu za SATA siku hizi hazina pini nne wala mbili wala tundu la mbele. Ina maana ugomvi huu unakufa na kompyuta za zamani?

#52 FundiLeza
Wa S/PDIF ya draivu, karibu wote. Wa kukisia haufi, lenzi bado ni lenzi. Na zile diski zilizowekwa ulinzi wa kunakili mwanzoni mwa miaka ya 2000, zenye makosa ya kupandwa makusudi au orodha iliyovurugwa, bado zinazishinda baadhi ya draivu na nyingine zinapita kama hazijaona kitu.

#53 KitiChaMbele
Samahani wakuu, nimesoma yote. Nina diski ambayo ukirudisha nyuma kutoka wimbo wa kwanza kwenye kichezeo cha sebuleni, kuna wimbo mwingine umejificha kabla yake. Kwenye kompyuta siupati. Ni draivu?

#54 DalaliWaSampuli
Uko kwenye nafasi iliyo kabla ya alama ya kuanza wimbo wa kwanza. Orodha ya diski haiutaji, kwa hiyo programu nyingi zinauruka. EAC inaweza kuagizwa isome kipande hicho kwa kutaja sekta ya kuanzia na ya kuishia. Lakini ndiyo, kuna draivu zinazokubali kwenda huko, kuna zinazokataa, na kuna zinazokupa kimya kirefu zikidai zimesoma.

#55 KitiChaMbele
Yangu imetoa faili ya dakika nne. Kimya tupu.

#56 SikioLaTatu
BitiNiBiti, hapo draivu ina kesi au haina?

#57 BitiNiBiti
KitiChaMbele, draivu ya modeli gani hiyo?